Pikipiki ya Kikundi Inakunywa Oili Kiasi Gani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaitumia sana tunapowafundisha wanavikundi kuandika hesabu za akiba na mikopo. Leo nataka tuitumie kwa kitu ambacho vikundi vingi havikiandiki popote, nacho ni oili ya injini ya pikipiki. Nasema oili, si mafuta, kwa sababu huku kwetu ukisema mafuta watu huelewa petroli.

Kuanzia Mtwapa na Takaungu mpaka Gongoni na Marereni, na kule ndani Ganze, Bamba, Vitengeni na Marafa, pikipiki imekuwa mali kubwa ya vikundi. Inabeba abiria, mitungi ya maji, nazi na magunia ya mahindi. Usiku wa manane ndiyo inayomkimbiza mama mja mzito hospitali. Kikundi huchanga miezi mingi au huchukua mkopo ili kuipata. Na bado mali hiyo yote inaweza kufa kwa kukosa nusu lita ya oili.

Yaliyokipata kikundi kimoja

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi cha akina mama na vijana upande wa bara ya Malindi. Sitakitaja jina. Walikuwa wamenunua pikipiki kwa pesa za meri-go-raundi. Kijana mmoja mwanachama aliiendesha na kuleta hesabu kila Jumamosi, na mambo yalikwenda vizuri zaidi ya mwaka mmoja. Siku moja, akiwa njiani na magunia mawili ya mahindi, injini ikanoki. Fundi alipofungua nati ya chini kumwaga oili, iliyotoka haikujaza kikombe cha chai.

Mkutano uliitwa, nami nilikuwepo. Mweka hazina alimwambia yule kijana, "Mwanangu, kila ulipoomba pesa ya oili tulikupa. Ulizipeleka wapi?" Kijana akajibu, "Mama, kila mwezi nilimwaga oili ya zamani nikaweka mpya. Nikikudanganya nisifike kwetu." Wengine walicheka, wengine walinuna. Hakuna aliyemwamini.

Baadaye fundi alinieleza kwamba ringi za pistoni zilikuwa zimelika, na injini ilikuwa ikichoma oili kidogo kidogo kila siku. Kijana alikuwa akibadilisha oili mwezi ukiisha, lakini katikati ya mwezi hakuangalia imebaki kiasi gani. Basi mama alisema kweli, na kijana pia alisema kweli. Kilichokosekana ni karatasi ya kuwaonyesha wote wawili oili ilikokwenda. Kijana alitoka kikundini, mama yake akamfuata, na baada ya muda mfupi kikundi kikavunjika. Injini ingeweza kutengenezwa. Kuaminiana ndiko kulikoshindikana.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha kuandika hesabu mwaka mzima, na sikuwahi kuwauliza swali moja kuhusu oili. Ndiyo maana naandika haya.

Oili inafanya kazi gani?

Pikipiki nyingi za kazi tulizo nazo, kama Boxer na TVS, zina injini ambayo mafundi huiita fostroki. Katika injini hii oili hukaa chini kwenye tumbo la injini na kuzungushwa ndani tena na tena. Ina kazi nne. Inalainisha vyuma visisagane. Inasaidia kupoza, kwa maana injini hizi nyingi hupozwa na upepo tu, hazina maji. Inabeba uchafu na masizi. Na inasaidia ringi kuziba nafasi kati ya pistoni na silinda ili nguvu isivuje. Tena, oili hiyo hiyo moja ndiyo inayotumiwa na gia na klachi.

Injini ya cc 100 hadi 150 huchukua karibu lita moja tu, nyingine zaidi kidogo. Kwa hivyo ikipotea robo lita, ni robo ya oili yote. Ile iliyobaki hufanya kazi ya yote, hupata joto zaidi na huharibika mapema. Na pikipiki nyingi ndogo hazina taa ya kukuonya kwamba oili imepungua. Utakayesikia ni chuma chenyewe kikilia, na hapo umeshachelewa.

Je, ni kawaida oili kupungua?

Ndiyo. Kila injini ya fostroki huchoma oili kidogo, hata ikiwa mpya. Kwa hivyo dereva akisema "nimeongeza oili," msimwone mwizi mara moja.

Lakini kuna mazoea fulani yanayotudanganya. Wazee wetu wanakumbuka pikipiki za zamani kama Yamaha DT na AG100, ambazo zilikuwa tustroki. Hizo oili yake ilikusudiwa kuchomwa pamoja na petroli, na kutoa moshi lilikuwa jambo la kawaida. Fostroki si hivyo. Ikianza kutoa moshi wa buluu, inachoma oili isiyotakiwa kuchomwa.

Namna ya kupima

Angalieni oili kila asubuhi kabla ya safari ya kwanza. Ni kazi ya dakika mbili.

1. Simamisheni pikipiki wima mahali tambarare, kwa stendi ya katikati. Ikiegemea stendi ya pembeni oili hulalia upande mmoja na kipimo husema uongo.

2. Injini iwe imepumzika. Asubuhi, baada ya kulala usiku kucha, oili yote imeshuka chini. Vijitabu vingine husema uwashe injini dakika chache, uzime, usubiri kidogo ndipo upime. Fuateni kijitabu cha pikipiki yenu, na mtumie njia ile ile kila siku, la sivyo hamtaweza kulinganisha leo na jana.

3. Futeni mchanga pale kwenye kifuniko kabla ya kukifungua. Chembe moja ya mchanga ikiingia ndani ni sawa na msasa.

4. Toeni dipstiki, yaani kijiti cha kupimia, mkifute kwa kitambaa safi, mkirudishe, mkitoe tena msome. Pikipiki nyingi hutaka kijiti kiegemee tu mdomoni bila kukazwa, nyingine hutaka kikazwe. Kijitabu kitasema. Kama pikipiki yenu ina kioo kidogo ubavuni badala ya kijiti, tazameni pale.

5. Oili iwe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Ikikaribia ya chini, ongezeni pole pole, mkipima kila mara.

Msipite alama ya juu mkifikiri mnaisaidia injini. Oili ikizidi hupigwapigwa mpaka ikatoa povu, hupandisha shinikizo ndani, na hutafuta pa kutokea kupitia kwenye sili.

Mkiwa mmeshika kijiti, tazameni pia rangi na kunuseni. Oili nyeusi si ugonjwa, mara nyingi imebeba masizi tu, ndiyo kazi yake. Lakini ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, labda wakati wa kuvuka mto uliofurika masika. Msiwashe injini, imwageni kwanza. Mkiona vumbi la chuma linalometameta, muoneni fundi siku hiyo hiyo. Na oili ikipanda bila mtu kuongeza, na inanuka petroli, basi petroli inavuja kutoka kabureta na kuingia chini. Watu hufurahi wakiona oili haipungui, kumbe imekuwa nyepesi na hailindi tena chuma.

Namna ya kuhesabu inayokunywa

Kupima peke yake hakutoshi. Yule kijana wetu angepima angeona oili imepungua, angeongeza, na bado mweka hazina asingejua kitu. Lazima kuandika.

Tafuteni chupa ya kunyonyeshea mtoto ambayo haitumiki tena, yenye alama za mililita. Iandikeni OILI kwa wino usiofutika, na isirudi tena jikoni wala kwa mtoto. Hiyo ndiyo itakayopima kila oili inayoongezwa. Kisha fungueni daftari lenye safu tano: tarehe, kilomita za kwenye mita, oili iliyoongezwa, aliyepima, na aliyeshuhudia.

Anzeni siku mliyobadilisha oili, ikiwa kwenye alama ya juu kabisa. Kila mnapoongeza, rudisheni mpaka alama ile ile ya juu, mwandike mililita ngapi zimeingia. Tuchukue mfano. Mlianza mita ikiwa 12,000.

Kwenye 12,500 mliongeza mililita 50.
Kwenye 13,000 mliongeza mililita 60.
Kwenye 13,500 mliongeza mililita 110.
Kwenye 14,000 mliongeza mililita 160.

Hesabu ni hii: gawanyeni mililita kwa kilomita zilizokwenda, mzidishe kwa 1,000. Kilomita 500 za kwanza: 50 kugawanya kwa 500, mara 1,000, ni mililita 100 kwa kila kilomita 1,000. Za mwisho: 160 kugawanya kwa 500, mara 1,000, ni mililita 320.

Sasa angalieni vizuri. Jumla ya oili iliyoongezwa ni mililita 380 kwa kilomita 2,000. Mtu akichukua wastani atasema ni mililita 190 kwa kila kilomita 1,000, na ataona si mbaya sana. Lakini wastani unaficha. Injini hii mwanzoni ilikunywa 100 na sasa inakunywa 320, yaani zaidi ya mara tatu. Na kama injini inachukua lita moja na hakuna aliyeongeza, siku ya kubadilisha oili zingebaki mililita 620 tu, labda pungufu, kwa sababu oili chache huchoka haraka.

Kwa hivyo msilinganishe pikipiki yenu na ya jirani. Ya jirani inakimbia kwenye lami kati ya Kilifi na Malindi, yenu inapanda mchanga wa Bamba na mzigo. Linganisheni pikipiki yenu na yenyewe mwezi uliopita. Kiasi kikikaa pale pale, endeleeni. Kikipanda mara mbili au tatu mfululizo, injini inawaambia kitu.

Mita ikiwa imekufa

Najua wengi mtasema, "Yetu haina mita, ilikufa zamani." Itengenezeni mkiweza, haina gharama kubwa. Kwa sasa tumieni petroli. Andikeni lita za petroli mnazonunua, jambo ambalo mnapaswa kuandika hata hivyo. Mwezi jana kwa kila lita 10 za petroli mliongeza oili kiasi gani? Mwezi huu je? Kipimo hiki kina faida yake, kwa maana injini ikihangaika mchangani hutumia petroli nyingi hata kama kilomita ni chache.

Oili inapotea wapi?

Oili ina njia mbili za kupotea, kuvuja nje au kuchomwa ndani. Anzeni na nje, ndiyo rahisi. Laza kipande cha katoni chini ya injini usiku. Asubuhi kikiwa na madoa, tazameni nati ya kumwagia, gasketi, na sili karibu na mkono wa gia na sproketi ya mbele. Mara nyingi ni nati iliyolegea au washa iliyochoka. Penye uvujaji mdogo hutaona tone, utaona tope la mchanga lililoganda, kwa sababu vumbi hunasa penye oili.

Katoni ikiwa kavu, tazameni eksosi. Moshi wa buluu dereva anapovuta mafuta akiwa na mzigo, mara nyingi ni ringi au silinda. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi ukiwasha kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Moshi mweusi si wa oili, ni petroli imezidi. Na moshi mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache huwa ni unyevu tu.

Kwa nini ringi zilike mapema huku kwetu? Sababu kubwa ni vumbi. Chujio la hewa likichanika, au dereva akilitoa ili injini ipate nguvu, mchanga mwembamba huingia moja kwa moja kwenye silinda na kuisaga. Chujio ni la bei ndogo kuliko ringi, na ringi ni za bei ndogo kuliko silinda. Sababu ya pili ni mzigo. Mitungi minne ya lita 20 ya maji ni kilo 80, sawa na mtu mzima mnene, na mara nyingi abiria hukalia juu yake! Sababu ya tatu ni oili kuu kuu. Fuateni kilomita zilizoandikwa kwenye kijitabu, na kwa kazi ya mchanga na mzigo badilisheni mapema zaidi.

Oili ya kununua, na ile ya kumwaga

Nunueni oili ya pikipiki ya fostroki, kwa kawaida huandikwa 4T, na uzito uliotajwa kwenye kijitabu. Kwa joto la pwani nyingi hutaka 20W-50. Tafuteni pia maandishi JASO MA, maana yake inafaa klachi inayoogelea kwenye oili. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kufanya utelezi, na zikiingia hapa klachi huanza kuteleza. Chupa iwe na muhuri na alama ya ubora ya KEBS. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya soda hamjui ilitoka wapi.

Oili chafu msiimwage kichakani wala karibu na kisima. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe hupitisha vitu haraka, na mnachomwaga leo mtakichota kesho. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, mpeleke kwa gereji inayokusanya. Isipakwe kwenye kidonda, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kikundi kifanye nini?

Miaka ya 1980, Andrea na Barry Coleman wa Uingereza na Randy Mamola, mwanambio wa pikipiki wa Marekani, waliona Afrika pikipiki za wahudumu wa afya zikioza kwa kukosa matunzo madogo. Kutokana na hayo lilizaliwa shirika la Riders for Health, ambalo lilifundisha wahudumu wa afya, Lesotho na kwingineko, kukagua pikipiki zao kila siku kabla ya kuondoka. Petroli na oili zilikuwa mwanzo kabisa wa ukaguzi huo. Wale hawakuwa mafundi. Walikuwa watu kama sisi waliojifunza kutazama kabla ya kuwasha.

Nawashauri haya. Dereva apime kila asubuhi. Siku ya kuleta hesabu, mwanachama mwingine apime pamoja naye, na wote wawili watie sahihi. Si lazima awe mwanamume. Akina mama wanaopima mafuta ya kupikia kwa kibaba hawawezi kushindwa na dipstiki. Pesa ya oili itengwe kila wiki, isisubiri kuombwa. Na daftari likionyesha oili inapanda, kikundi kikae, kianze kuweka akiba ya ringi kabla injini haijasimama. Kuongeza oili ni mamia ya shilingi. Kufungua injini iliyonoki ni maelfu, na siku zote ambazo pikipiki imelala hapo gereji hakuna anayeleta kitu.

Madereva wengine watasema daftari ni la kuwachunga. Waelezeni kisa cha yule kijana. Kama angekuwa na karatasi moja tu yenye sahihi mbili, angeiweka mezani mbele ya yule mama, na leo pengine wangekuwa bado wanachama wa kikundi kimoja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani kati yetu, mbali na dereva, anayejua kupima oili ya pikipiki yetu?

2. Mara ya mwisho tulibadilisha oili lini, na tangu hapo tumeongeza kiasi gani? Kama hatujui, tunaanza kuandika siku gani?

3. Pikipiki ikisimama kesho, tuna karatasi gani ya kumlinda dereva wetu na kumlinda mweka hazina wetu?

4. Oili yetu chafu inakwenda wapi?